Mapenzi ya Tajiri na Maskini katika Filamu za Kihindi: Mwamuzi ni Baba Mtu

Jaji Raghunath anampa Rita zawadi ya siku ya kuzaliwa: kikasha cha mkufu, kimetoka kwa sonara. Rita anakifungua. Kitupu. Muda mfupi kabla ya hapo Raj alikuwa amempa mkufu, mzuri kweli, ila ulitoka mfukoni bila kikasha. Rita ni mwanasheria, hana haja ya kufafanuliwa. Mkufu usio na kikasha na kikasha kisicho na mkufu ni mali moja, na kijana anayempenda kaiiba.

Tukio hilo limo katika Awaara, filamu ya Raj Kapoor ya mwaka 1951. Wengi huikumbuka kwa wimbo wake na kwa yule kijana wa suruali fupi anayetembea barabarani kama mji wote ni wake. Anayestahili kutazamwa, kwa maoni yangu, ni mzee aliyebaki na kikasha mkononi. Nyumba ni yake, binti analelewa naye, na mwizi, ingawa mwenyewe bado hajajua, ni mwanawe wa kuzaa.

Mtaani tumezoea kugawa filamu mafungu matatu: kuna stelingi, kuna mpenzi wake, kuna adui. Adui hupigwa, stelingi hafi, watu wanarudi nyumbani. Kwenye filamu za mapenzi ya tajiri na maskini mgawo huo unakwama, maana adui ni mkwe. Huwezi kumtupa gorofani mtu ambaye kesho atakaa mbele kwenye harusi. Kwa hiyo filamu ya karibu saa tatu inabaki na kazi moja: kumfanya baba mtu aseme ndiyo. Namna atakavyosema, na gharama atakayoitoza, ndiyo inayotuonesha filamu ina mawazo gani kuhusu umaskini.

Sababu mojawapo iko kwenye tiketi. Kumbi za Bombay ziliuza viti kwa madaraja. Mbele kabisa, shingo juu chini ya pazia, walikaa wa chavanni, yaani watu wa tiketi ya bei ya chini, anna nne (anna ni sarafu ndogo ya zamani ya India). Juu kwenye balkoni walikaa wenye nazo na familia zao. Filamu ni ileile, saa ileile. Na mtengenezaji hakuwa na pa kuegemea. Hadi serikali ya India ilipotangaza mwaka 1998 kuitambua sinema kama kiwanda kamili, wengi walikuwa wakikopa kwa watu binafsi kwa riba kubwa, na filamu ikiuzwa kwa wasambazaji eneo kwa eneo kabla haijaonwa na mtu. Mkopo wa namna hiyo haulipwi kwa kujaza nusu ya ukumbi. Wa mbele lazima wamwone tajiri akiinamisha kichwa. Wa juu lazima waone kwamba baada ya kuinamisha kichwa, nyumba bado ni yake. Ndiyo maana katika sinema hii tajiri hutubu mara nyingi sana lakini hafilisiki.

Turudi kwa jaji. Imani yake tunaijua kwa Kiswahili: mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa imani hiyo alimfunga Jagga, mtu asiye na hatia, kwa kuwa tu baba yake alikuwa jambazi. Jagga alipotoka akawa jambazi wa kweli, akamteka mke wa jaji, akamwachia alipogundua ni mjamzito. Jaji akamshuku mkewe, akamfukuza. Mtoto kazaliwa mtaani, Jagga kamvuta kwake, kawa mwizi. Mwandishi wa hadithi, K. A. Abbas, alikuwa mtu wa mrengo wa kushoto, na hoja yake iko wazi: mazingira ndiyo humfanya mtu, damu haina kosa.

Hoja imethibitishwa nusu tu. Tumeona mtoto wa jaji akiharibiwa na mtaa. Mtoto wa jambazi akilelewa kwa jaji na kuwa jaji hatukumwona. Tena angalia hilo linayafanyia nini mapenzi. Watazamaji wanajua tangu mwanzo Raj ni damu ya nani. Rita anapompenda, aliye balkoni hana sababu ya kutokwa jasho, kwa sababu kijana wa kwao alipotea tu njiani na sasa anarudishwa. Anapohukumiwa miaka mitatu na Rita akaahidi kumsubiri, tunaambiwa tumeona mapenzi yakivuka mpaka. Mpaka upi? Hii ni kasoro ya filamu nyingi zilizofuata, zile ambazo dakika kumi kabla ya mwisho yaya mzee anatoa siri kuwa mvuvi au dereva alibadilishwa uchangani. Kila ukiona alama ya kuzaliwa begani au kidani kilichokatwa vipande viwili, jua mwandishi ameogopa kumwoza maskini halisi.

(Na waigizaji wenyewe: jaji ni Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj. Raj akiwa mdogo anaigizwa na Shashi, mdogo wake wa mwisho. Hakimu mahakamani ni baba yake Prithviraj. Filamu inayosema damu si kitu imejaa ukoo mmoja.)

Penye Devdas msomaji wa Kiswahili huteleza, na si kosa lake. Riwaya ya Sarat Chandra Chattopadhyay ilitoka 1917, na katika matoleo ya sinema lile la Bimal Roy la mwaka 1955, Dilip Kumar akiwa Devdas na Suchitra Sen akiwa Paro, ndilo lililo makini zaidi. Wawili hawa ni majirani, wamekua pamoja, wote Wabrahmani, na kwao Paro si watu wa kulala njaa. Sasa kwa nini posa inakataliwa kwa dharau vile? Kwa sababu kwao Paro ni ukoo unaopokea pesa unapooza binti.

Kwetu huku, pwani na bara, mzazi wa msichana kupokea mahari ni heshima, na asiyetoa ndiye anayesemwa. Kwa wamiliki wakubwa wa ardhi wa Bengal ilikuwa kinyume. Mali ilitoka upande wa mwanamke kwenda upande wa mwanamume, desturi ambayo India iliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1961 bila kufanikiwa kuimaliza. Familia inayochukua pesa kwa ajili ya binti ilionekana kama duka. Kwa hiyo mama yake Devdas anapokunja uso, tusi analolitoa ni kwamba hawa ni wachuuzi. Asiyelijua hilo ataona mama mwenye roho mbaya tu, na filamu itamwendea upande.

Filamu hii haina toba, na ndiyo nguvu yake. Paro, aliye chini, anathubutu kwenda chumbani kwa Devdas usiku wa manane, jambo ambalo lingemmaliza kabisa kama angeonekana. Devdas, aliye juu, anababaika, anakimbilia Calcutta, anaandika barua ya kujitoa, kisha anajuta. Anaporudi Paro anamkataa kwa kiburi cha mtu aliyekwisha kuhesabu hasara yake. Anaolewa na bwana mkubwa mwenye watoto wazima. Devdas anajimaliza kwa pombe, anakuja kufia nje ya lango la nyumba ya Paro, na lango linafungwa Paro akiwa anakimbia kutoka ndani. Baba mtu alikwisha kufa zamani wakati huo. Lango halikumhitaji tena.

Sehemu kubwa ya tunachokiita utajiri na umaskini katika filamu hizi ni tabaka la kuzaliwa lililovalishwa nguo za pesa. Kampuni ya filamu ya Bombay Talkies ililisema waziwazi mapema, katika Achhut Kanya ya 1936, Devika Rani akiwa binti wa mlinzi wa kivuko cha reli na Ashok Kumar akiwa kijana wa Kibrahmani. Waandishi waliona njia moja tu ya kutokea, treni imgonge msichana. Bimal Roy alilirudia suala hilo mwaka 1959 katika Sujata kwa akili zaidi, na chombo chake kikuu ni neno dogo mno. Nyumba ya mhandisi wa Kibrahmani inamlea Sujata, mtoto yatima wa wasioguswa, yaani tabaka la chini kabisa, wazazi wake wamekufa kwa kipindupindu. Wageni wakija, mama wa nyumba anamtambulisha bintiye wa kumzaa, Rama: huyu ni binti yetu. Kisha Sujata: huyu ni kama binti yetu. Nutan, anayemwigiza Sujata, hasemi kitu. Macho yanashuka kidogo tu, na neno "kama" linabaki limening'inia sebuleni kama nguo isiyo na mwenyewe.

Kijana mwenye elimu aliyeandaliwa kumwoa Rama anampenda Sujata. Mama mlezi anaanguka ngazini, anahitaji damu, na damu inayolingana na yake ni ya Sujata. Anapozinduka na kuambiwa, "kama" inaondoka. Inagusa, siwezi kukataa. Lakini hesabu yake ni mbaya: Rama alikuwa binti bure, Sujata amelipa kwa chupa. Na yule kijana Adhir hakulipa kitu chochote.

K. Asif alifanya jambo kubwa zaidi katika Mughal-e-Azam ya 1960, ambamo baba mtu ni Mfalme Akbar na tofauti ya daraja haiwezi kupanuka tena: Salim, mwana wa mfalme, na kijakazi Anarkali. Prithviraj tena kwenye kiti cha baba. Sehemu kubwa ya filamu ni ya rangi nyeusi na nyeupe, kisha ghafla ikulu ya vioo inawaka kwa rangi, na Anarkali wa Madhubala anaimba mbele ya mfalme kwamba aliyependa hana cha kuogopa. Kupiga picha mle kulikuwa balaa. Taa zilirudi kutoka kila kioo zikaunguza picha. Waliipaka mikanda ya vioo nta nyembamba kupunguza mng'ao, na mpiga picha R. D. Mathur akaning'iniza vitambaa ili mwanga ufike umekwisha kudunda. Kazi yote hiyo ilikuwa kwa ajili ya pigo moja: wimbo unapopanda, sura ya kijakazi inajaa kwenye vioo vya dari, mamia ya Anarkali wadogo wakizunguka, na Akbar kila anapogeuza shingo anamkuta yeye. Sijaona katika sinema yoyote ya Kihindi maskini akiizingira nyumba ya tajiri kiasi kile.

Ndipo filamu inarudi nyuma. Anarkali anahukumiwa kujengewa ukuta akiwa hai. Akbar, aliyewahi kumwahidi mama yake Anarkali kumtimizia ombi, anamtoa kisirisiri kwa njia ya chini ya ardhi, kwa sharti kwamba Salim aamini amekufa. Mfalme amebaki na sheria yake na huruma yake pia. Aliyetoka mikono mitupu ni mwana.

Kipo kipimo kingine, na tafsiri za maandishi chini ya picha hukipoteza. Kihindi kina "wewe" ya ngazi tatu: aap ya heshima, tum ya mazoea, tu ya ndani kabisa au ya kumdharau mtu. Sikiliza ni lini maskini anaacha aap na kuingia tum. Mara nyingi hiyo ndiyo posa yenyewe, hata kabla ya wimbo. Na sikiliza majina ya kuitana. Katika Muqaddar Ka Sikandar ya 1978 Amitabh Bachchan anatoka kuwa yatima wa mtaani mpaka kuwa na pesa nyingi, huku familia ya msichana aliyempenda tangu utotoni ikishuka chini. Mizani imepinduka, ila mdomo wake unaendelea kumwita memsaab hadi siku anayokufa, ambayo ni siku ya harusi ya binti huyo na mtu mwingine. Pesa alizipata. Neno lilikataa kutoka.

Akiwa tajiri ni mwanamke, kanuni zinageuka, na hapa ndipo sinema hii inaponikera. Katika Aan ya Mehboob Khan, 1952, binti mfalme mwenye kiburi anatekwa na mwanakijiji na kufundishwa adabu kwa kuishi maisha ya kijijini. Jab Jab Phool Khile ya 1965 ni ya upole zaidi. Shashi Kapoor ana boti ya wageni Kashmir, Nanda ni binti wa tajiri wa Bombay aliyekuja kupumzika. Anapomfuata mjini, kijana anakatwa nywele, anavishwa suti, anafundishwa kukaa na watu. Kwenye dansi anaona mpenzi wake akicheza na wanaume wengine kama ilivyo desturi ya kwao, roho inamwuma, anavua vya watu na kuondoka. Mwisho wake ni kituo cha treni: treni inaondoka, binti anakimbia kwenye jukwaa akisihi, na kijana anamvuta ndani dakika ya mwisho. Ni picha nzuri, imeigwa sana. Ila mtazame anayekimbia. Mwanamume tajiri akimpenda maskini, maskini hupandishwa nyumbani kwake. Mwanamke tajiri hushushwa, na hutakiwa kufurahi.

Bobby ya 1973 ilitengenezwa na Raj Kapoor akiwa na madeni ya Mera Naam Joker, iliyoanguka 1970, na mwandishi ni Abbas yuleyule. Kwa hiyo ni kama Awaara ikiandikwa upya na watu wawili waliozeeka. Safari hii hakuna siri ya damu. Msichana ni binti wa mvuvi Mkristo, bibi yake aliwahi kuwa mlezi wa kijana, na wanapokwenda kwenye sherehe ya kijana wanapokelewa kwa ubaridi hadi wanaondoka. Kijana anawafuata nyumbani kwao. Mlango unafunguliwa, Bobby yuko jikoni, na kwa mkono wenye unga anausogeza unywele usoni, unga unabaki kichwani. Msichana wa kazi za mikono ameonekana akiwa kazini, bila wimbo, bila maua. Kwenye sherehe alikuwa mgeni asiyestahili, na kwenye mlango huu yeye ndiye mwenyeji.

Baba wa kijana, ambaye ni Pran, anamtuhumu mvuvi kuwa ametumia uzuri wa binti kunasa mali, anamtolea pesa akae mbali. Wakati huohuo anamposea mwanawe binti wa tajiri mwenzake mwenye ulemavu wa akili, kwa ajili ya biashara. Nani sasa anayeuza mtoto? Abbas hakulisema swali hilo kwa maneno. Aliweka matukio mawili karibu akaacha watu wajionee. Mwisho vijana wanajirusha kwenye maporomoko ya maji na wazee wanaruka kuwaokoa. Mvuvi anamkamata kijana wa tajiri, tajiri anamkamata binti wa mvuvi. Kila mmoja anatoka majini amekumbatia mtoto wa mwenzake. Ni ujanja wa mwandishi, unaonekana kabisa, lakini unafanya kazi ambayo hotuba ya toba isingeifanya: mikono imefika kabla kichwa hakijaamua.

Kufikia 1989 mchezo ulikuwa umechoka, na Sooraj Barjatya akaugeuza kwa ujanja katika Maine Pyar Kiya. Baba wa msichana, Karan, ni fundi wa magari. Anamwacha bintiye Suman kwa rafiki yake tajiri na kwenda Dubai kutafuta pesa za kumwoza. Mapenzi yanaota kati ya Suman na Prem, mwana wa tajiri, na tajiri anamtukana rafiki yake kwa tuhuma ileile ya Bobby, na urafiki unavunjika. Ndipo anayekaa kwenye kiti cha hakimu, kwa mara moja, ni mzazi maskini. Sharti lake lina tarakimu: Prem atoke kwa baba yake, aishi kwa jasho lake, alete rupia 2,000 kwa mwezi mmoja. Prem anaendesha lori na kuvunja mawe. Siku ya kuzipeleka anavamiwa, pesa zinaharibika, anafika kwa Karan akiomba mwezi mwingine, na Karan analainika.

Viti vya mbele vililipenda sharti hilo kwa haki kabisa. Balkoni haikuwa na cha kulalamikia pia, kwa kuwa nyumba ya baba ilikuwa bado ipo, inamsubiri Prem. Lakini Karan mwenyewe ni fundi, na kipato cha hapohapo nyumbani hakikumtosha hata kumwoza binti mmoja. Kama kingetosha, asingepanda ndege kwenda Dubai.